Hatua Ishirini na Mbili

Ogweno haulizi bei.
Anauliza kama naweza kumrudishia ukumbi.

Si ukumbi wenyewe. Huo uliangushwa na tingatinga
mwaka ule walipopanua barabara pale Nyalenda.
Anataka namna gitaa lilivyokuwa likitoka kwake,
likagonga mabati ya nyuma,
likarudi limechelewa kidogo, limelowa,
kama mtoto aliyetumwa sukari akapitia mtoni.

Mimi ni fundi wa redio. Nina chipu moja,
haizidi punje mbili za mahindi,
miguu ishirini na minane
na kichwa kinachokumbuka sekunde moja tu.
Sekunde moja! Kisha inasahau, inaanza upya,
inasahau.
Humo nitie harusi ngapi?

Mac yangu niliuziwa na mkufunzi aliyekuwa akihama Milimani.
Tofaa lake lilikuja limeng'atwa, nami nimeling'ata tena:
kioo kina ufa, herufi N haitii mpaka uikemee.
Waliounda chipu hawakuiwaza Mac,
programu yao inazungumza na mashine za watu wengine.
Basi nikafungua dirisha jeusi,
nikaziandika amri mstari kwa mstari,
soma, zidisha, jumlisha, andika,
na nafasi ni mia moja ishirini na nane,
hakuna hata moja ya nyongeza.
Babu aliyetunga mashairi angeielewa kazi hii:
mizani ikizidi, ubeti haupiti mlangoni.

"Urefu wake?" namuuliza.
Ogweno anakuna shingo. "Twende."

Jumapili alfajiri, kabla malori hayajaamka,
mtu mzima amesimama katikati ya lami
na viatu vyake vya jukwaani,
anahesabu hatua kwa sauti.
Pikipiki inampigia honi; anaiashiria ingoje.
"Hapa spika. Hapa Anditi wa tiketi.
Hapa alikaa yule mwalimu asiyecheza."
Ishirini na moja. Ishirini na mbili.
"Ukuta," anasema, na kuugusa.

Ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi:
sehemu ya kumi ya sekunde.
Nilitarajia zaidi. Yeye pia.
Aliitazama lami kwa muda mrefu kuliko huo.

Usiku ule stima ilipotea mara mbili.
Nililehemu kwa tochi ya simu, nimeiuma kwa meno,
nikafunga kila kitu ndani ya kopo la biskuti,
swichi ya mguu ikatokeza pale palipokuwa na picha ya malkia.

Akapiga nyuzi mbili. Akasikiliza.
"Umenipeleka benki," akasema.
"Ni safi mno. Pale kulikuwa na bati lililolegea,
ukipiga noti ya chini linakujibu kwa matusi."

Nikarudi dirishani kutafuta tusi la bati.
Nikaongeza mtetemo, nikapunguza, nikaongeza.
Saa nane za usiku kidole kikateleza:
sifuri nukta sita ikawa moja nukta sita,
na kila sauti iliyorudi ikarudi kubwa kuliko ilivyoondoka,
ikajila, ikajizaa, ikapiga yowe,
mbwa wa mtaa mzima wakaitikia,
mama wa omena akagonga ukuta kwa mwiko.

Niliruka kuchomoa waya. Ogweno akanishika mkono.
"Acha."
Alikuwa amefumba macho.
"Hivi ndivyo ilivyokuwa
usiku wa mwisho, Okinda wa besi alipoangusha gitaa
akaliacha chini, na sisi wote tukaliacha."

Hakusema kwa nini alilitupa. Sikuuliza.

Kijisanduku cha chipu kina vyumba vinane.
Cha kwanza ni ukumbi, na bati lake.
Cha pili ni kosa langu; amenikataza kulirekebisha.
Alilipa kwa noti zilizokunjwa ndogo sana,
akafika mlangoni, akageuka.

"Nyar Seme, na jiko la mama?
Paa la nyasi, kuta za udongo.
Ulikuwa ukipiga, sauti hairudi hata kidogo.
Inabaki kwake."

Nimelifungua dirisha jeusi.
Mshale unapepesa.
Bado sijaandika kitu.