Dakika Kumi

Niliinunua kwenye mnada wa chama cha msingi, hapa Newala,
kompyuta iliyohesabu magunia ya korosho
tangu ule msimu bei ilipopanda
watu wakanunua makochi kabla ya kuezeka nyumba.
Elfu sitini, pamoja na kibodi isiyo na K:
karani aliifuta kwa kidole,
korosho, kilo, kata, korosho.

Nilipoufungua ubavu kwa bisibisi
vumbi jekundu likanikohoza,
na ndani ya feni alikuwamo mjusi
mkavu kama risiti.

"Hii?" akasema Chilumba wa duka la simu.
"Hii haichezi hata karata."

Giga mbili za RAM. Nikazichomoa,
nikapachika nane, za mitumba,
za laptopu iliyomwagikiwa uji huko Nanyamba.
Diski ya zamani ilikuwa ikiguguna kama panya darini;
nikaistaafisha, nikaweka ile isiyozunguka,
nyembamba kama kitabu cha akiba cha mtu asiye na akiba.
Prosesa nikaisafisha kwa spiriti,
nikaipaka dawa mpya ya joto, kiasi cha choroko moja.
Ukizidisha umeharibu, kama chumvi.
Kadi ya picha ilitoka Kariakoo kwa basi,
imeviringishwa kwenye khanga, na juu ya boksi
mtumaji kaandika TAHADHARI MAYAI,
maana makuli wa stendi
hawaheshimu neno jingine.

Bado ikachemka. Nikaihamishia dirishani,
baridi ya Shimo la Mungu ikaipuliza bure.

Programu yenyewe kazi yake ni kuigiza.
Inaiambia gemu: mimi ndiyo ile mashine yako ya zamani.
Gemu inaamini.
Sisi tuliokulia kwenye midimu hatushangai.
Kinyago kikishavaliwa huulizi nani yumo,
hata kama ule mwendo
ni wa mjomba wako.

Mwanzoni picha zilisitasita,
mtu anapiga mpira leo, unafika golini kesho.
Nikapunguza ukubwa. Nikazima vivuli;
kivuli cha nini kwa watu wasio na jua?
Ikaenda.
Umeme ukakatika.
Nilikaa gizani saa nzima na robo, nimeshika pedi
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Nilipokuwa darasa la tano
Bi Somoe Nalinga alikuwa na banda nyuma ya stendi:
televisheni moja, pedi mbili, saa ya kengele
yenye jogoo anayedonoa sekunde.
Shilingi hamsini, dakika kumi.
Sikuwahi kuuona mwisho wa yale mashindano.
Robo fainali, kengele.
Robo fainali, kengele.
Aliuchomoa waya ukutani kwa vidole viwili,
taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Jana alikuja kutoa kopi ya kadi ya matibabu.
Miwani mizito, mkoba wa ukili.
Akausikia ule muziki wa kufungulia
akasimama na shilingi zake mkononi.
"Hiyo ni ya kwangu."
Hapana bibi, nikamwambia, hii ni kompyuta,
inajifanya tu.
"Basi inajua kujifanya," akasema, akavuta kigoda.

Nikacheza, anatazama.
Robo fainali. Nusu.
Chilumba akafunga duka lake akaja kusimama mlangoni.
Hakuna aliyehesabu. Feni ilivuma,
na shingo yangu ikaanza kukaza,
inasubiri kitu.
Fainali, dakika ya themanini na tisa, moja kwa moja,
mikono yangu yenyewe
ikaiweka pedi mezani.

Bi Somoe akaitazama pedi, kisha akanitazama mimi.
"Endelea," akasema.
"Hamsini yako bado ninayo."