Hasi Katikati

Pedeli yangu ya kwanza ilikuwa ya cherehani,
chuma cheusi, maua yake yamefutwa na nyayo za mama mdogo,
na mimi, miaka kumi na sita, nikijifunza pale Buguruni
kwamba mguu ukikurupuka, uzi unakatika.

Kwa hiyo kijana wa duka la Mtaa wa Aggrey aliponiuliza,
"Dada, umewahi kukanyaga pedeli?"
nilicheka mpaka akaona haya.

Gitaa sikulinunua. Nililipwa nalo
deni la sare kumi na mbili za kwaya.
Bwana Kasyupa alilileta kwa bodaboda, limefungwa shuka.
"Nyuzi mbili hazipo," alisema, "mengine yote yapo."

Kibubu nilikivunja Jumatatu: laki moja na arobaini.
Jumanne kamati ya harusi ya binamu Tumsifu
ikaniletea ujumbe wenye maua, na jina langu, na deni.
Elfu hamsini ikatangulia kula pilau.
Luku, elfu kumi.
Ikabaki themanini.

Themanini mbele ya kioo cha duka
ni mtoto mfupi dirishani.
Ile ya buluu, ya mwangwi: laki mbili na nusu.
Ile ya kijani: laki na themanini,
"lakini kwako, dada, laki na sabini na tano."
Ile bapa yenye sauti mia,
inawaka kama ukumbi wa harusi (ya Tumsifu, nikawaza).
Kijana akabonyeza zote. Feni inavuma,
jenereta la jirani linavuma,
muuza dawa ya panya na kipaza sauti chake mlangoni.
Sikusikia gitaa. Nilisikia Kariakoo.
Na sauti mia za nini?
Mimi najua mishono mitano, na ndiyo inayonilisha.

Gerezani, kwa mafundi redio,
Fundi Shomvi hana ushauri, ana bei.
Kwenye boksi la viatu, chini ya rimoti zilizokufa,
pedeli moja ya rangi ya chungwa, ya mkwaruzo,
ina plasta iliyoandikwa NJIKU.
Njiku aliileta itengenezwe. Hakurudi.
Miezi kumi na minne.
Kando ya kila kifundo, nukta ya rangi ya kucha,
nyekundu iliyoiva,
pale ambapo Njiku alipenda sauti isimame.
Rangi ile naijua. Ninayo nyumbani.

"Sitini."
"Thelathini."
"Dada, risasi tu niliyoyeyusha humo..."
"Thelathini na tano, na nakushonea huo mfuko wa suruali."
Akajipapasa nyuma. Akakubali.

Nikamtolea adapta ya kinanda, ya kuazima.
Akaninyang'anya. "Hii itaiua.
Hii chanya iko katikati.
Pedeli inataka hasi katikati, chanya nje.
Ukikosea, moshi."

Nimelibeba neno hilo hadi Buguruni.
Hasi katikati, chanya nje.
Wateja wangu wangapi nimewapima viuno
wakicheka hivyohivyo.

Adapta, kumi na tano. Waya, kumi na mbili.
Nyuzi mbili za gitaa, na chipsi kavu.
Mwangwi utasubiri sikukuu,
wakati watu wanapokumbuka kuwa hawana nguo.

Usiku nimeiweka chini ya meza,
pembeni ya ile pedeli nyingine.
Sikugusa vifundo. Nikakanyaga.
Sauti ikatoka kama kitenge kinachochanwa kwa mkono,
ule mchano ninaoupenda
kuliko kazi yote ya mkasi.
Sikudhani, jirani, akagonga ukuta. Mara mbili.
Mpaka leo hajaniambia alikuwa analalamika
au alikuwa anafuata mapigo.

Baadaye nikakisogeza kifundo cha tatu,
kidogo tu, nje ya nukta.
Njiku, ukirudi,
nitakuonyesha palipokuwa pako.