Chembe

Kopo lenyewe dogo, kifuniko chekundu.
Nimelifunga kwa gazeti, kisha kwa sweta la mama yake,
na bado njia nzima kutoka mabwawa ya chumvi
watu wa Uvinza wananiuliza: umebeba nini, Baba Leo?
Nikasema asali.
Mungu anisamehe. Mlinzi wa kivuko cha reli akaomba aonje.

Ilikuwa siku ya nne. Leokadia, miaka mitatu,
usiku anajikunja kama jongoo aliyeguswa,
na kwenye kipande cha kanga, ute, na nyuzi za damu
ambazo mama yake alinionyesha kwa mwanga wa simu
bila kusema neno.

Dirisha la maabara lina ukubwa wa sinia.
Nikapitisha kopo kama mtu anayelipa deni la aibu.
Ndani, mgongo wa Ntabaye umeinamia hadubini.
Nusu saa. Mbuzi akapita barazani.
Mwanamke akauliza kama foleni ni hii, nikasema ni hii,
na foleni nzima ilikuwa mimi.

Kisha karatasi.
Niliisoma mwenyewe, darasa la saba nilimaliza:
*Ute: upo. Damu: ipo.
Chembe nyeupe: nyingi.*

Nyeupe. Nyingi.
Jamani, mimi ni mtu wa chumvi.
Miaka kumi na sita nakokota chembe juani,
najua nyeupe ina bei, inapanda treni,
na ya kijivu wanalambishwa ng'ombe.
Nikacheka pale dirishani, nikasema ashukuriwe Mungu,
mwanangu ni safi hadi ndani.

Ntabaye hakucheka.
Alivua glavu, akanawa, akatoka, akakaa nami benchini.
"Juzi usiku lilipigwa yowe kwa kina Gwasa. Ulikwenda?"
Nilikwenda. Na panga, na suruali nimeivaa ndani-nje.
"Tulikuwa wangapi uani?"
Wengi. Hata pa kukanyaga hapakuwapo.
"Sisi ndio tuliokuwa wezi?"
Hapana.
"Lakini mpita njia, saa nane usiku, akiuona ua umejaa vile?"
Atajua kuna jambo.

"Basi. Hizi ni chembe za damu, kazi yao kuitika yowe.
Siku za amani chooni huzioni,
labda moja, labda mbili, za kupita njia.
Leo zimejaa. Utumbo umechubuka, umevimba,
kuna mtu kaingia."

Nani?

"Hapo karatasi inanyamaza.
Amiba nimemtafuta, sijamwona.
Nahisi bakteria, wale wa kuhara damu,
ila kuhisi si kuona. Mpeleke kwa daktari na mtoto mwenyewe,
asimsome kwenye karatasi tu."

Nikamuuliza kama ipo dawa ya kuzifukuza,
hizo nyeupe, zitoke zote.
Akanitazama kitambo.
"Utawafukuza majirani?"

Daktari alimbonyeza tumbo, akamvuta ngozi taratibu
aone kama inarudi. Akauliza maji tunachota wapi.
Nikatazama viatu vyangu.
Akaandika dawa, na pakiti za maji ya chumvi,
akasema chemsheni, hata yakionekana meupe, chemsheni.

Meupe tena.

Usiku mama Leo alikoroga pakiti kwenye jagi.
Nilichovya kidole kabla ya mtoto:
sukari kidogo, na nyuma yake, kwa mbali, chumvi.
Haikuwa ya mabwawa yetu, lakini ulimi ukaisalimia.
Kijiko. Akatema. Kijiko. Akameza.
Kwa kina Gwasa, nakumbuka, mwizi hakuonekana,
nasi hatukuondoka mpaka kulipokucha;
mtu mmoja alileta hata uji.

Kijiko kingine.

Jumatatu natakiwa nirudi na kopo jipya.
Mlinzi wa reli keshaniambia
atakuja na chupa yake.