Sufi

Siku tatu sikusemezana na Bi Zeyana wa juu
kwa sababu ya sufi.
Alikuwa akishindilia mito ya harusi ya mwanawe
kwenye roshani ya ghorofa ya nne, hapa Michenzani,
na mie wa ghorofa ya tatu nikaona weupe
umeganda kwenye dungusi langu,
vitonge vitatu vinne, makwapani mwa miba.
Nikasema, huyu ananipukutia taka.
Nikasema kwa sauti ili asikie.
Akasikia.
Maji ya kudekia yakamwagika. Sitasema yalianzia ghorofa gani.

Dungusi lenyewe si la kununua.
Marehemu Shaame alikuja nalo kutoka Wete,
kipande mfano wa kidole gumba,
akalipanda ndani ya kopo la samli.
"Halitaki mengi," akasema, "kama mie."
Uwongo. Shaame alitaka chai ya tangawizi saa kumi,
alitaka redio, alitaka kukunwa mgongo.
Dungusi ndilo lililokaa miaka kumi na mmoja
bila kuniomba kitu.

Siku ya nne nikavaa miwani yake.
Sufi ikatembea.

Ikatembea taratibu,
biharusi anayeburura shela.
Chini ya unga ule, mwili wa waridi,
na vijiguu kama nyuzi za pindo lililofumuka.
Nikambonyeza kwa njiti ya kiberiti: akatoa maji ya rangi ya achari.
Shina lote lanata kama kaimati zilizolala,
na sisimizi wanapanda, wanashuka,
wanalamba shira, wanawalinda wanyonyaji
kama mtu alindavyo ng'ombe wake wa maziwa.

Nikampigia simu mkwe wangu Mbwana, bwana shamba.
"Wametulia kama magamba, hawang'oki? Hao vidugamba.
Kuna utando mwembamba, ngozi imeingia kutu? Huo utitiri.
Wana unga na wanatembea?"
"Wanatembea, baba. Kwa maringo."
"Basi vidung'ata."
Kikulacho ki nguoni mwako, wasemao walisema,
lakini huyu wangu hana nguo, ana miba,
na miba haikumfaa kitu.

Nikaliondoa karibu na kopo la asumini.
Nikaliambia, kaa eda na wewe.
Mie nilikaa miezi minne na siku kumi;
wewe utakaa mpaka nisione cheupe.

Muuza dawa akautazama ushungi wangu.
"Spiriti ya nini, bibi?"
"Ya kumwogeshea mgonjwa."
Jua lilipokwenda zake, maana spiriti na jua huunguza,
nikaviringa pamba kwenye chelewa,
nikachoma kwapa moja moja.
Nikaling'oa kwa gazeti lililokunjwa:
na mizizini wamo!
Nikaosha, nikakata iliyooza, nikaanika kivulini siku tano,
nikapanda upya kwa mchanga wa shimo na kokoto,
kopo juu ya tofali, tofali ndani ya karai la maji ya sabuni.
Sisimizi wakafika ukingoni, wakasimama, wakashauriana.

Ndipo nikapanda ngazi na kidung'ata ndani ya kisahani.
"Zeyana, tazama sufi yako."
Akainama. Ikatembea.
Akacheka mpaka akakalia mto wa mkwewe.
Samahani sikuisema; nilimwachia kile kisahani,
na kilirudi na vipande vya halua.

Mayai hayafi kwa mkupuo mmoja.
Kila Alhamisi yeye anashuka na tochi, ana macho kuliko mie,
mie nashika chelewa.
"Hapo. Hapo, wee! Chini ya mwiba uliopinda."
Wiki hii tumemkuta mmoja tu, mdogo, shela halijaota.
Zeyana akasema tumwache aione harusi.
Nikamgusa kwa pamba.

Mto walionipa siku ya harusi ni mzuri, mweupe, mnene.
Nimekagua mishono yote minne
kwa miwani ya Shaame
kabla ya kuulalia.