Mguu wa Mbele, Kushoto

Mchangani hapana kitu.
Ndani ya korongo la Handali Karani anatembea kama juzi,
madumu manne yakigongana mbavuni,
sikio moja mbele, moja nyuma,
na lile doa jeupe chini ya sikio
lililomfanya marehemu Ndahani ampe jina,
eti punda huyu amechomeka chaki.

Ni pale tunapopanda kwenye changarawe,
karibu na banda la kupimia zabibu,
ndipo ninaposikia:
ko, ko, ko,
na wa nne unachelewa.

Si kuchechemea. Nikisema anachechemea nitakuwa mwongo.
Ni kama mtu anayewasomea wenzake barua
akafika kwenye neno asilotaka walisikie.
Kichwa kinapanda kidogo, kinarudi.
Ukipepesa jicho, umekosa.

Nimeuinua ukwato ule mara ngapi?
Nimeukwangua kwa kisu cha mboga,
nimetafuta mwiba wa mkambala, jiwe, usaha, ufa.
Nimeuwekea kiganja, nikahamia wa kulia,
nikarudi kushoto,
kama mama wa mapacha asiyejua nani ana homa.
Joto lile lile.
Nimebonyeza mshipa kutoka goti mpaka chini;
ananitazama, anatafuna bua la uwele,
hana la kushtaki.

Afisa mifugo alikuja na pikipiki kutoka Chamwino.
Mkimbize, akasema. Nikamkimbiza.
Mgeuze. Nikamgeuza,
mbele ya watoto waliotoroka kipindi cha hesabu.
Na Karani, kwa kuwa mgeni yupo,
akatembea kama bwana harusi.
"Mama Lameki, mimi sioni kitu."
"Mimi nasikia."
Akacheka kwa adabu, akaandika:
apumzishwe wiki mbili.
Elfu kumi, na mafuta ya pikipiki.

Wiki mbili!
Na maji ya nyumba za walimu ayapeleke nani?
Goti langu hili lina mwaka wa tatu linalalamika,
sijasikia mtu akiniambia nikimbie alitazame.

Kila mtu ana jibu, isipokuwa mguu.
Shemeji Mchiwa anasema ni jicho,
kuna aliyemsifu kisimani bila kutema mate.
Fundi baiskeli anasema ni bega, mguu unasingiziwa.
Lameki akapiga simu kutoka Dodoma mjini:
uza, Mama, uza angali anasimama,
pale mnadani wapo wanunuzi
wasiouliza ni mguu gani.
Nikamwambia mtandao unasumbua.
Mtandao ulikuwa safi.

Basi nikampumzisha nusu,
kama maskini anavyopumzisha kila kitu.
Madumu mawili kwake, moja kichwani kwangu,
la nne likabaki nyumbani limekaa bure na kizibo chake.
Tukaiacha changarawe, tukazunguka na korongo,
njia ndefu, mchanga unanyonya miguu yangu,
na yake, mnisamehe, inakwenda vizuri kuliko yangu.

Usiku nilimsikiliza nyuma ya uzio wa miiba.
Alikuwa akihamisha uzito,
huku, kisha huku,
au labda alikuwa punda tu, amesimama gizani.
Nilitamani jeraha.
Mungu anisamehe, nilitamani kidonda chenye nzi,
kitu cha kuosha kwa chumvi,
kitu ambacho ningekionyesha kwa kidole.

Jumanne moja, wiki ya tano,
gari la mizigo lilikwama korongoni, njia imezibwa.
Tukapanda changarawe.
Ko, ko, ko, ko.
Nikasimama. Naye akasimama.
Nikamrudisha nyuma hatua ishirini, tukaja tena.
Ko, ko, ko, ko.
Mwanamke mmoja akapita na ungo wake, "Mbukwa,"
nikasahau kumwitikia.

Sikumwambia mtu.
Kesho yake nikamfunga madumu mawili,
yale yale mawili,
la tatu nikajitwika mwenyewe,
tukashika njia ya mchangani.