Asilimia Arobaini na Tatu

Laki saba na nusu, ndani ya bahasha ya mwaliko wa harusi
ya watu waliokwisha kuzaa na video yao sijawapa.
Nimezihesabu mara mbili. Hazikuongezeka.

Kompyuta yangu, hapa Mwanga, nyuma ya duka la mawese,
inaguna tangu alasiri. Feni yake
ni mgonjwa anayetaka mtaa mzima ujue anaumwa.
Asilimia arobaini na moja.
Nikijaribu kutazama nilichounganisha, bibi harusi
hachezi, anashuka ngazi:
mguu, kimya, mguu, kimya,
mara ghafla ameshaketi, ameshalishwa keki.

Wajuzi hawakosekani.
Shemeji anasema kadi ya picha, ile ya feni tatu,
inayowaka taa kama kibanda cha chipsi.
Kijana wa benki anasema prosesa, prosesa ndiyo roho.
Muuzaji anasema vyote,
na mfuko wa kubebea anao.

Asilimia arobaini na mbili.
Bi Mwamvita, mama wa bibi harusi, amepita tena.
Haulizi video. Anauliza hali yangu,
hali ya mama, hali ya umeme,
anakaa kidogo, anaondoka.
Heri angegomba.

Butoyi akaja usiku kutoka Ujiji,
bisibisi sikioni kama penseli ya seremala.
Hakufungua msumari hata mmoja.
Aliita kwenye kioo dirisha la mistari inayopanda na kushuka,
akavuta kigoda, akaitazama kama atazamaye sufuria.
"Prosesa yako imelala," akasema.
"Kumbukumbu imebanwa, lakini inapumua.
Aliyechoka ni huyu," akagonga kwa ukucha, "diski.
Anachota maji kwa kikombe,
mpishi amekaa na mwiko mkavu,
na wewe unatafuta mpishi wa pili."

Basi: laki na arobaini, diski isiyozunguka,
nyembamba kama sabuni inayokwisha.
Laki na themanini, kumbukumbu ya kuongeza.
Vyote vitakuja na treni.
Kadi ya picha ibaki dukani, iwake.
"Na chenji," akasema, "betri ya kushikilia umeme."
Nikabisha. Betri inaongeza kasi gani?
Asilimia arobaini na tatu.
Giza.

Tukasikia vyura, mara ya kwanza tangu alasiri.
Butoyi akacheka, kwa adabu, mbali kidogo na mimi.

Wiki mbili baadaye saa mbili za harusi
zikaiva kwa dakika ishirini na saba.
Sikujiandaa. Nilikuwa nimebandika maharage,
nikiamini nina usiku mzima.
Nikaitazama yote, haikukwama popote.
Bibi harusi anacheza, kweli anacheza,
na nyuma yake, pale palipokuwa ngazi tu,
sekunde nne: Bi Mwamvita na sahani tupu
anajifuta macho kwa pindo la kitenge,
kisha anaangalia kulia, kushoto,
kama kuna aliyemwona.

Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kukata.
Mashine hii mpya inatii kabla hujamaliza kuwaza.
Nikakiondoa.
Nikazirudia zile sekunde, nikazirudia,
mpaka maharage yakaungua.