Nusu Saa ya Bi Ghaniya

Ofisi ya falaji, Ibra. Feni, birika la kahawa,
kompyuta kuukuu niliyoivisha Linux mwaka juzi
ilipochoka kubeba vitu vizito.
Daftari la zamu za maji halimo ndani yake.
Limo kwenye kisanduku cheusi, chumba cha pili,
na umeme ukikatika, folda hubaki jina tu.

"Shinuna, maji yamepotea tena,"
hunipigia Thuwaini, karani, saa kumi alfajiri,
zamu zinapobadilika.
Si maji. Ni njia ya kuyafikia.
Naamka, napachika kwa mkono, nalala.
Mama, mzaliwa wa Mwanza, hunguruma chumbani:
"Mlango gani huo, kila siku haufunguki bila fundi?"

Ijumaa nikaja kuukomesha mchezo.
Mstari mmoja tu, katika faili ambayo kompyuta
huisoma kila iamkapo, kabla haijamsalimu mtu:
kisanduku ni nani, kipachikwe wapi, kwa lugha gani;
nywila ikae kwenye faili ya pembeni,
isomwe na mzizi peke yake;
subiri mtandao uamke kwanza;
na kisanduku kisipojibu, usife ukikingoja,
endelea na kazi zako.
Mwishoni sifuri mbili, kama tundu za pua.

Ikagoma.
Nilikuwa nimeandika *daftari la maji* kama watu wasemavyo,
mashine ikaishia kwenye *daftari*,
haikujua kwamba nafasi tupu nayo ni jina.
Kila nafasi huandikwa mkwaju ulioinama nyuma,
kisha sifuri, nne, sifuri.
Nikaandika. Nikajaribu. Nikazima, nikawasha.
Daftari likaja lenyewe.
Thuwaini akasema "Hm",
ambayo kwake ni hotuba.

Jumapili akaingia Bi Ghaniya,
vumbi la shamba hadi pindo la leso.
Jumatano usiku alinunua athari moja kwa jirani,
nusu saa ya maji, pesa taslimu,
akamwona Thuwaini akiiandika kwa vidole viwili.
Daftari halina.
Thuwaini akaapa kaandika. Bibi akaapa kalipa.
Mindimu yake haikuapa,
ilikuwa imejikunja majani tu.

Jumatano. Umeme ulikatika Jumatano,
nami simu niliizima, nilikuwa harusini.

Folda tupu si ukuta.
Ukiandika ndani yake kisanduku kikiwa hakipo
hupokea, kimya, kama mtu asiyetaka ugomvi;
kisanduku kikirudi hukaa juu yake
kama mkeka juu ya sarafu.
Nikakipachua.
Chini yake, faili moja pweke:
Jumatano, saa tatu na robo usiku,
Ghaniya binti Hamdun, athari moja.

Nikaitoa, nikapachika upya, nikaiweka na wenzake.
Na ile folda tupu nikaitia kufuli:
ikiwa uchi, isipokee tena neno la mtu.

Nilitaka kuwaeleza. Nilikuwa na maneno tayari,
hata mfano wa mkeka.
Bi Ghaniya hakuuliza ilikuwa wapi.
"Basi leo nafungua saa ngapi?"
Thuwaini akashuka na kidole juu ya kioo,
ingawa nimemkataza kukigusa,
kidole kikaacha alama ya halua.
"Tisa na nusu. Usichelewe."